Geuza Kuume Nusu

Jumatatu, 9 Juni
Biti nne za kutobolea chuma asubuhi hii, zote zimekataa. Zinalia, zinatoa moshi, na chuma kinang'aa tu pale zilipogusa. Wiki ya pili sasa tangu Fundi Athmani apate kiharusi, na keekee, mashine ya kutobolea ya karakana, imekuwa adui yangu. Kunoa biti ilikuwa kazi yake. Alitengeneza mwenyewe kishikio cha kuishikilia biti kwenye grenda, ili pande zote mbili zipate makali kwa pembe moja. Ubavuni aliandika kwa rangi nyeupe: GEUZA KUUME NUSU. Nageuza. Haisaidii. Leo nimekandamiza keekee mpaka bega likauma.

Jumanne, 10 Juni
Nimebadilisha jiwe la grenda. Nimechovya biti kwenye maji. Nimempigia muuzaji kule Magongo nikamwambia biti zake feki, akakata simu. Nitamwomba radhi. Biti yake mpya, kabla sijainoa, imetoboa vizuri kabisa. Kwa hiyo tatizo ni mimi.

Bwana Salim, mwenye karakana, si mkali. Ndiyo maana inauma. Amesema vitanda vya bweni vinangoja matundu, na Ijumaa ikifika mambo yakiwa hivi atamweka mtu mwingine kwenye keekee, mimi nirudi kupiga rangi.

Siwezi. Miaka miwili ya kupuliza rangi ilinimaliza kifua. Fundi Athmani ndiye aliyenisikia nikikohoa. Alinishika mkono mbele ya wote, akanisimamisha kwenye keekee, akasema, "Huyu ni wangu." Hakuuliza mimi mtu wa wapi. Namshukuru kila ninapovuta pumzi, na sitii chumvi.

Jumatano, 11 Juni
Nimelipata kosa! Au karibu.

Nimepaka ncha ya biti wino wa kalamu nene, nikaigusisha kwenye chuma, nikaitazama. Wino umefutika mgongoni tu, nyuma ya makali. Kwenye makali yenyewe bado ni mweusi. Yaani mgongo umepanda juu kuliko makali, na makali hayafiki kwenye chuma. Nimekuwa nikisugua mgongo siku zote hizi, na bega langu.

Jinsi ya kuushusha sijui. Hapa kazini skrubu tunaiita dume, nati jike. Kishikio kina skrubu moja tu, kwa nyuma. Kuume, nikaona, si ndiyo hiyo? Leo nimeizungusha nusu, mara kumi. Biti inasogea mbele, basi. Inazidi kuwa fupi na mgongo uko palepale.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeomba ruhusa saa nane, nikavuka feri kwenda Likoni. Sikuwa nimemwona Fundi tangu augue. Niliogopa. Afadhali niliandike hilo.

Amekaa kitandani. Upande mzima wa kulia umelala, maneno yanatoka vipandevipande. Nilimwamkia, akaitikia kwa macho. Nikamweleza wino, mgongo, na jinsi ninavyoizungusha ile skrubu. Akanikazia macho. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika. Nikadhani ni ugonjwa. Kumbe anacheka.

Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyesema. "Skrubu? Wallahi nyinyi watu wa bara mna mambo! Kuume ni mkono wa kulia, Mwende. Mkono unaolia wali!"

Miaka kumi na moja naishi Changamwe. Nanunua samaki kwa Kiswahili, naota kwa Kiswahili. Hilo neno lilinipita.

Fundi hakuridhika. Kwa mkono wa kushoto akauokota ule wa kulia kutoka mapajani, akauinua mbele yangu, akaupindua kidogo. Nikaelewa. Ni biti yenyewe inayogeuzwa, upande huo, nusu ya alama moja ya kishikio, kabla ya kuikaza, ndipo mgongo ushuke.

"Ku-ume," akasema. Kwa shida, lakini wazi.

Kwenye feri nimelia, watu wakitazama.

Ijumaa, 13 Juni
Biti imeuma! Nyuzi mbili za chuma, mmoja kila upande, zimetoka zikijikunja sawasawa. Hakuna moshi, hakuna kelele. Nimetoboa mpaka saa ya chakula bila kunoa tena.

Bwana Salim ameokota uzi mmoja, ukamchoma, akautupa. "Haya," akasema. Keekee ni yangu. Ila anataka nifute yale maandishi niandike KULIA, mwingine asije akapotea.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya kanisa nimempelekea Fundi nyuzi mbili kwenye kikaratasi. Akaweka mmoja kwenye kiganja cha kulia, akavifunga vidole kwa mkono wa kushoto. Bi Zuhura akahofia atajikata. "Mkono hausikii," Fundi akasema. Hakuufungua mkono mpaka nilipoaga.

Maandishi sikuyafuta. Nimemwomba Bwana Salim, amekubali. Yalikuwa yamefifia, kwa hiyo jana jioni niliyapaka rangi upya, neno lilelile, kwa brashi ndogo, milango yote wazi. Kifua hakikusema kitu.