Ngozi Ndani ya Bahasha

Kambini, 9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku sijambo, ukiutoa mgongo, ambao una kesi yake nitakayokueleza. Ninyi je? Mama anaendeleaje? Macho yake tumeshayasamehe, nauliza hayo mengine. Uliniambia haachi kuniita. Mwambie mkataba ukiisha tu nakuja, anishike kichwa mpaka achoke.

Sasa cheka. Kazi yetu ni kuosha paneli za sola, safu baada ya safu, kwa ndoo na mpira wa maji. Jua linakupiga kutoka juu, na vioo vinakurudishia kutoka chini, unakuwa kama shati lililopigwa pasi pande zote mbili. Msimamizi alituonya tusivue nguo. Mimi nikajitia mjuaji, nikasema ngozi nyeusi hii haiungui. Asiyesikia la mkuu, unajua mwenyewe. Niliungua mpaka nikawa nalala kifudifudi.

Lakini dada, ilipoanza kubambuka! Unashika ukingo mdogo pale begani, unazuia pumzi, unavuta polepole, nayo inakuja, nyembamba, bila maumivu, kwa sauti ndogo kama ya mshono unaofumuliwa. Ikikatika unasikitika. Ikija kubwa unafurahi kama umefaulu mtihani. Nimekuwekea kipande humu. Wewe si fundi? Tafuta pa kutia kiraka.

Mdogo wako,
Fito

Nyumbani, 23 Februari

Fito mdogo wangu,

Marahaba, mchafu mkubwa wewe. Sisi hatujambo. Bahasha yako niliifungulia dukani huku nampima muuguzi mmoja sare. Kipande kikadondoka juu ya meza. Akaniuliza kitambaa gani kile, kizuri hivyo. Nilipomjibu, aliondoka mbio na pini zangu mgongoni.

Mama akasikia kelele, akataka akishike. Alikipitisha kati ya vidole kama anavyopima hariri, akakinusa. "Bega la kushoto hili," akasema. Fito, siku hiyo alimaliza sahani nzima, yeye ambaye tangu uondoke anakionja chakula na kukirudisha. Nilitaka kukitupa jikoni akanikataza. Unaijua sheria yake: mabaki ya kitambaa ni mali ya mwenye kitambaa, hata yawe madogo kama kucha. "Na hiki nilikikata mimi," akasema, akakitia kwenye kopo la vifungo.

Kama vipo vingine, tuma. Sina hakika najua ninachokuomba, lakini amekula. Na uvae shati.

Dada yako

Kambini, 14 Machi

Dada,

Shikamoo. Afya ipo, na nimefurahi kuliko unavyodhani kusikia Mama anakula.

Shati sivai. Nikisema ni kwa ajili ya Mama nitakuwa nimedanganya nusu. Wenzangu wakikimbilia kivuli mchana, mimi najilaza kati ya safu mbili za vioo, nageuka huku na huku. Kisha nasubiri, na kusubiri kwenyewe ni kutamu. Nimejifunza kulowesha ukingo kwanza, kutumia ncha ya kidole badala ya kucha, kutokuwa na haraka. Mgongo umetoka mzima. Fundi wa kuchomelea ninayelala naye chumba kimoja alinisaidia kuuvuta kutoka shingoni hadi kiunoni. Alipomaliza aliukunja vizuri, akanikabidhi, kisha akahamishia godoro lake chumba cha pili. Anasema ana mafua, asije akaniambukiza.

Ngozi iliyotokea chini ni laini mno. Haina baka wala kovu, hata alama ya chanjo haipo. Mlinzi wa getini, ambaye tulikuwa tukitaniana, sasa ananidai kitambulisho kila asubuhi, na akishakiona anakitazama tena.

Nimetuma mgongo na mkono mmoja. Nimevilaza kati ya magazeti visikunjike.

Mdogo wako,
Fito

Nyumbani, 2 Aprili

Fito,

Marahaba. Mwili ni mzima, usingizi ndio sina. Acha kutuma.

Nisikilize vizuri. Mama ametoka kitandani. Amenidai zile karatasi nilizokatia suti yako ya safari, akazitandaza mezani, na juu yake anavilaza vipande vyako, bega penye bega, mkono penye mkono. Akaomba sindano iliyo nyembamba kuliko zote. Anashona kwa kupapasa, na mshono kama ule, wallahi, hakuwahi kuushona hata alipokuwa na macho. Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa mtu mzima anayejiliwaza, nikawa namtilia uzi. Sasa analalamika kwamba mshono unakula kitambaa, atatoka mwembamba kuliko alivyoondoka. Anayasema hayo huku anacheka.

Jana nikiwa dukani mbele nilimsikia akiongea chumbani. Mama kuongea peke yake nimezoea. Ila safari hii alikuwa akinyamaza, anasikiliza, ndipo anajibu. Halafu nikasikia kikohozi chako, kile cha kujikohoza kabla hujaomba kitu. Niliangusha mkasi.

Ni mimi niliyekuambia utume. Sasa nakuomba uache, uombe ruhusa, uje mwenyewe. Anachotaka ni wewe.

Dada yako

Kambini, 25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nimeshatuma kifua, miguu na mkono wa pili. Ningejua nisingetuma. Au labda ningetuma tu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Habari njema ni kwamba mwezi ujao msimamizi ananiruhusu kuja. Siumwi, usiwe na hofu. Ni wepesi tu. Upepo ukivuma nashikilia ukingo wa paneli.

Kuna jambo linanisumbua. Umeandika habari za suti. Suti gani? Nimejaribu kuikumbuka siku niliyoondoka. Naona mlango, nakuona wewe umesimama, mimi mwenyewe sijioni. Na Mama alikuwa akiniita nani alipokuwa akiniamsha? Lilikuwepo jina. Niandikie, tafadhali.

Umebaki uso peke yake. Nauchunga kwa kofia pana na taulo, maana huo ndio Mama atakaoushika. Nitakuja nao.

Mdogo wako,
Fito

Nyumbani, 8 Mei

Fito,

Sina nafasi ya salamu. Usiivue hiyo kofia.

Yupo. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye cherehani, anakanyaga pedali kwa kisigino, kama unavyokanyaga wewe. Majirani wakipita dirishani wanaona mgongo, wanaita, "Fito, ndiyo kurudi kimyakimya huko?" Naye anainua mkono. Hageuki, kwa sababu hana cha kuwageuzia. Mama amemvalisha foronya kichwani. Vidole vya Mama vinampapasa kuanzia viganjani, vinapanda mabegani, vinafika shingoni, vinasimama. Hapo ndipo anapolia, na sahani inarudi jikoni ilivyokwenda.

Naogopa, mdogo wangu. Naogopa zaidi kwa kuwa jana aliniita "Dada," nami nikaitika kabla sijafikiri.

Mama alikuwa akikuamsha kwa kukuita "uzi wangu." Lishike jina hilo, usiliachie. Na ujue Mama anakuandikia barua, lakini si kwa mkono wangu. Ikifika ichome bila kuisoma. Mimi nitakungoja stendi.

Dada yako wa tumbo moja

Kambini, 27 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua ya Mama ilitangulia yako. Niliifungua kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Anasema amechoka kungoja. Anaomba aushike uso wangu kabla hajafa, na anauliza, huko ambako hakuna anayenijua, uso unanifaa nini. Nikavua kofia.

Yako ilipofika, uso ulikuwa umeanza kuinuka. Ningeweza kuuacha. Siwezi kukudanganya wewe, dada. Ukingo ulikuwa umesimama hapa chini ya sikio, mkavu, uko tayari. Nikaushika. Umekuja wote, nyusi na kope, na midomo haikuchanika hata kidogo. Sijapata raha kama ile maishani, au kama nilipata, sikumbuki.

Umo humu. Bahasha inatangulia na basi la Jumatano, mimi nakuja na la Ijumaa. Anayeshona aziangalie kope. Mimi utanijua kwa begi la kijani.

Asante kwa lile jina. Nimelisoma mara nyingi. Ni jina zuri, sijui la nani.

Mdogo wako

Nyumbani, 9 Juni

Kwako uliyeko kwenye vioo,

Salamu. Sijui niulize hali ya nani. Dereva wa basi amenieleza kwamba ulirudi naye, ndiyo maana naandika huko.

Nilikuwepo stendi siku ile. Nililiona begi la kijani, na niliona abiria wanavyokupisha bila kujua wanampisha nani. Uliposema "Shikamoo, dada," sauti ilikuwa ya Fito kabisa. Mimi nikakujibu kwamba umenifananisha.

Bahasha yako ilifikia mikononi mwa Mama, si mwangu; mimi niliikuta barua tu, imeachwa mezani. Nilipokuwa natoka kuja kukupokea, Mama alikuwa anakata uzi wa mwisho. Akaushika uso ule kwa viganja viwili, akacheka, na uso nao ukacheka, kope zote zipo. Ungefika nyumbani angenyoosha mikono akushike na wewe, na vidole vyake visingekuta mtu. Sikuweza kumfanyia hivyo. Nilikulilia njia nzima, hilo nataka ulijue. Nilipofika mlangoni mdogo wangu alinipokea kikapu, akaniuliza nalilia nini, nikamwambia ni vumbi la stendi.

Mama anakula, analala. Fito amekonda kidogo na hapendi jua, vinginevyo ni yuleyule. Anakusalimu.

Usituandikie tena. Barua zinazofika hapa sasa anazifungua yeye, na hapendi kukumbushwa.

Fundi cherehani