Popo, Gari la Baba

Jumamosi, 4 Machi

Nimeipata picha! Ilikuwa nyuma ya droo, imegandana na cheti changu cha darasa la saba. Mimi, miaka tisa, nimekaa juu ya boneti, pengo mbele, soksi moja juu moja chini. Na Popo chini yangu.

Yaani nusu ya Popo. Mpiga picha alimtaka mtoto, hakulitaka gari. Picha inaishia kwenye mlango wa dereva.

Na nyuma ndiko kulikokuwa na kazi ya Baba! Mbele ni gari dogo la kiwandani, ya aina ile yalijaa barabarani kama kunguru. Nyuma alikata paa, akang'oa viti, akaondoa buti, akaunga sanduku la mizigo la mabati aliyoyanyoosha mwenyewe kwa nyundo. Majirani wakalipa jina. Si gari la abiria, si lori. Popo—si ndege, si mnyama.

Hakuna picha ya nyuma. Hata moja. Nimepekua mpaka vumbi limenipaliza.

Jumapili, 5 Machi

Nitaliunda. Dogo, moja kwa ishirini. Kila kipande kwa mkono wangu.

Mume wangu amecheka, kisha ameuona uso wangu akaacha.

Mwaka wa ishirini na sita huu natengeneza meno ya bandia. Gego la mtu nalianza kwa nta mpaka linatafuna nyama. Gari litanishinda?

Jumatano, 8 Machi

Kwa fundi wa matairi kuna gari la aina ileile, limekaa juu ya matofali, majani yameota hadi kwenye taa. Nimetoka kazini nikapita na futi kamba. Nimepima boneti, milango, nafasi kati ya magurudumu. Fundi akaniuliza kama nalinunua. Nikamwambia hapana, nalipima tu.

"Kama linashonewa suti," akasema. Lakini alinishikia ncha ya futi mpaka mwisho. Mtu mwema.

Nimerudi na vipimo vya mbele vyote. Vya nyuma navyo? Viko kichwani. Kichwa cha mtoto wa miaka tisa!

Jumamosi, 11 Machi

Mbele imetoka kwenye kalibu ya plasta bila ufa. Plastiki niliyonayo ni ile ya ufizi, kwa hiyo gari zima ni la waridi. Mume wangu ameingia na chai, akalitazama. Ameniomba nilifunge vizuri, lisije likang'ata mtu.

Nimepiga msasa asubuhi nzima. Ule mkwaruzo—nilifumba macho, nikawa karakana. Baba anapiga msasa boneti ya mtu, mluzi hauishi mdomoni, mluzi wenyewe hauna wimbo. Mimi kazi yangu kumwagia maji. Nikizidisha ananiambia gari halina kiu.

Na kulala ndani ya Popo, chali, tukienda kuchukua mchanga! Nyaya za umeme zinapanda zinashuka, zinapanda zinashuka, kama wasichana wanaruka kamba. Mgongo unawaka kwa bati la moto. Hakuna aliyetuambia ni hatari. Baba aliendesha kama amebeba mayai.

Jumanne, 14 Machi

Nimekwama. Kioo cha nyuma ya dereva.

Nakumbuka kisogo cha Baba ndani yake. Mikunjo miwili ya shingo, kola ya ovaroli. Lakini kioo chenyewe—kililala au kilisimama? Kilikuwa na ukingo wa mpira au wa bati? Nimeunda kabini mara tatu. Ya kwanza inafanana na teksi. Ya pili inafanana na jokofu. Ya tatu nzuri, nzuri kabisa, na kila nikiitazama najua nadanganya.

Mtu mmoja tu anajua: Kaka. Alikuwa na miaka kumi na minane, ndiye aliyeshika bati Baba akilichomea.

Sitaki kuliandika hilo. Nimeshaliandika.

Ijumaa, 17 Machi

Miaka tisa sijazungumza na Kaka.

Niliporudi likizo mwaka ule nilikuta uwanja mtupu. Doa la oili tu. Baba amekaa kibarazani. Nikamuuliza Kaka, Popo liko wapi? Akasema limekwenda chuma chakavu. Basi. Hakuna maelezo. Baba hakumaliza miezi mitano akafariki.

Siku ya mazishi nilisema, mbele ya watu, mbele ya shangazi wote: "Wewe ndiye uliyemuua. Ulimkatia gari lake akiwa hai." Kaka alikuwa na koleo mkononi. Akaendelea kutia udongo.

Kamba hukatikia pabovu, wanasema. Sisi ilikatikia palepale kaburini.

Namba yake ninayo. Sijawahi kuifuta.

Jumapili, 19 Machi

Nimepiga!

Ameipokea haraka. Nyuma yake mashine ya kukatia vyuma inalia, anatengeneza mageti mpaka leo, hata Jumapili. Sikusalimia. Niliogopa nikianza na shikamoo nitalia.

"Kaka, kile kioo cha nyuma cha Popo, kilisimama au kililala?"

Mashine ikazimwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nalitengeneza. Dogo. La kuweka mezani."

Akasema kilisimama wima kama askari, kwa sababu kilikuwa kioo cha kabati la vyombo la Mama. Kioo cha kabati hakipindi!

Kabati la Mama! Lile lenye pazia la maua badala ya kioo! Maisha yangu yote naambiwa paka ndiye aliyevunja. Paka wa watu, amebeba lawama mpaka kufa kwake.

Nimecheka. Naye akacheka, kidogo, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani. Kisha akasema atakuja Jumamosi, akakata simu kabla sijasema ndiyo wala hapana.

Jumatano, 22 Machi

Kabini ya nne. Kioo wima. Hili sasa ndilo. Linafanana na Baba kuliko picha zake.

Meno ya mteja nimeyachelewesha. Amelalamika, na haki yake. Amekunywa uji siku mbili kwa sababu ya Popo.

Jumamosi, 25 Machi

Amekuja saa nne asubuhi, kwa miguu kutoka kituoni. Nilimwona tangu kona. Ule mwendo! Bega la kulia chini kidogo, kana kwamba daima amebeba ndoo. Mwendo wa Baba. Nywele zote nyeupe. Amezeeka bila mimi.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Liko wapi?"

Hivyo tu. Mume wangu amesema anakwenda kutafuta mkate. Mkate ulikuwepo mezani. Mungu ambariki.

Kaka amekaa. Hakuligusa kwanza. Akavaa miwani, akainama mpaka macho yakawa sawa na meza, kama anavyotazama geti kama limenyooka. Akalinyanyua kwa vidole vile vilivyoungua ungua. Akafumba jicho moja. Akaligeuza upande wa pili. Muda mrefu.

"Kazi safi," akasema. "Mikono ya Baba hii. Lakini si Popo."

Nikahisi kuchomwa. Akaniambia: uwanja wetu ulikuwa na mteremko, na Baba alipima gari likiwa limeinama. Upande wa kulia alikata zaidi. Vidole viwili. Kabini ya Popo ilikuwa imepinda, kushoto ndefu, kulia fupi.

"Baba alijua?"

"Siku ileile! Alizunguka mara tatu, akapangusa mikono. Akasema, 'Nani atakayetazama pande zote mbili kwa wakati mmoja?'"

Tumecheka mpaka amevua miwani. Na akiwa bado anaifuta kwa shati, bila kunitazama, akaanza kusema. Sikumuuliza.

Macho ya Baba yalikuwa yamekwisha. Presha ya macho. Jicho moja lilikufa kabisa, la pili lilibakiwa na tundu dogo katikati. Aliendesha kwa kukumbuka njia. Asubuhi moja akagonga geti la shule. Hakukuwa na mtu, ila kengele ililia papo hapo, watoto wakamiminika nje. Dakika moja tu! Baba akaliacha gari pale, akarudi nyumbani kwa miguu anapapasa ukuta. Akamwekea Kaka ufunguo kiganjani.

"Akaniambia, 'Lipeleke likakatwe. Usiliuze zima, nitalisikia likipita.' Halafu akasema nisikuambie. 'Mdogo wako bado anadhani naona.'"

Niliketi.

Kila nilipokuja likizo, Baba alinisifu gauni. Kila mara. "Leo umependeza, mwanangu." Na mimi nikizunguka kumwonyesha marinda.

"Ungeniambia hata kaburini," nimesema.

"Nilimwahidi."

"Alishakufa, Kaka!"

"Ndiyo. Basi ningekwenda kwa nani kuomba aniachilie?"

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Kisha akavaa miwani, akavuta taa ya meza karibu, akauliza msumeno mdogo uko wapi. Nikampa ule wa kazini, uzi wake mwembamba kama unywele. Akachora mstari kwa penseli kwenye kabini yangu nzuri, upande wa kulia. Akanitazama juu ya miwani.

"Nikate?"

Siku kumi na nne za kazi. Kabini nne. Nikasema kata.

Nilishika mbele, yeye nyuma. Tumekata. Milimita mbili, tatu. Tumeunga tena, nikaziba kwa nta, akafumba jicho moja, akasema bado, tukapunguza unywele mwingine. Nikaliweka chini.

Limepinda. Ni lenyewe! Kabisa! Nimeona kisogo. Naapa nimeona kisogo.

Sijamwomba samahani. Nilifungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza nikamuuliza kama anataka sukari. Mara ya pili nikamuuliza habari za mageti. Mwanamke mzima! Ningeliweza neno hili kabla ya chai, sasa limekuwa zito kama injini.

Ameuliza basi la mwisho ni saa ngapi. Nimemwambia sijui. Najua.

Ameingia kunawa mikono, vumbi la waridi limemjaa hadi viwikoni. Naandika haraka haraka. Maji yanatiririka bado, ananawa polepole, anasugua kucha moja moja kama mtu asiye na safari. Mume wangu hajarudi na huo mkate wake. Nitasema. Akitoka tu nasema, hata kabla hajapata taulo—

Bomba limefungwa.