Vigelegele Vilivyopita Ukutani

Jumamosi, jioni. Mbagala.

Mawingu yametanda toka asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Fukuto tupu. Nguo zimeshinda kambani na bado zina unyevu, na mie nimeshinda hivyohivyo, nimejaa na sijamwagika. Ndiyo maana naandika. Nisipoandika, nitaenda kusema maneno mlangoni kwa watu.

Nina hasira.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naishi na binti yangu Pendo, ana miaka minne, na Zawadi, dada anayenisaidia kazi. Zawadi si mtoto, ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, kwao Nachingwea. Mie nashinda duka la dawa huko Temeke, yeye anashinda na mwanangu. Pendo akianguka anamlilia Zawadi kwanza, mimi baadaye. Nimeshazoea.

Sebuleni tuna sabufa. Ndiyo starehe yangu. Nilikuwaga nikirudi kazini nafungua laptop chumbani, nawasha blutuu, muziki unatokea sebuleni bila waya, nami napika huku naimba vibaya. Sabufa hiyo ina tabia moja. Ukiiacha kwenye umeme, chombo inachokijua kikiita, inajiwasha. Inalia kidogo, taa ya bluu inawaka, muziki unaanza. Niliipendea tabia hiyo.

Nyumba tunayopakana nayo ukuta kwa ukuta ni ya Bi Rukia. Mumewe amefariki hivi karibuni, na yeye yupo eda, hatoki nje. Anaishi na mwanawe Feisal, ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi na kuzihariri. Tena kuna mdogo wake Bi Rukia, anaitwa Bi Saumu. Alikuja kusimamia msiba na mpaka leo anausimamia, msiba na mtaa mzima.

Tumeiheshimu nyumba ile. Tangu siku ya mazishi sijafungua muziki hata wa kunong'ona. Hilo nataka lieleweke.

Jumanne nipo kazini, Zawadi akapiga simu, anahema.

"Dada, redio imejiwasha. Inapiga matarumbeta."

Nikamwambia azime. Akazima, ikawaka tena. Akachomoa waya, ikanyamaza. Jioni tukachomeka upya kwa sababu umeme wa sabufa na wa friji unatoka kwenye soketi moja, tukasahau. Na niseme ukweli wangu hapa: usiku ule nilimuuliza mara mbili kama kweli hakugusa kitu. Alinijibu mara zote mbili kwa upole. Ilitosha kuuliza mara moja.

Alhamisi ikarudia. Zawadi yupo nje anafua, Pendo amelala. Ghafla sebuleni kwangu ikalipuka harusi. Matarumbeta, vigelegele, mshereheshaji anaita watu wasimame wampokee bibi harusi. Sauti ilikuwa juu, maana mara ya mwisho sabufa kutumika ilikuwa sherehe ya kuzaliwa ya Pendo, na hakuna aliyeipunguza. Zawadi alitupa nguo akakimbilia ndani. Alipotoka, Bi Saumu alikuwa ameshafika mlangoni.

Sikuwepo, nimesimuliwa na mama wa chumba cha nyuma aliyeona yote.

"Mjane yupo ndani na majonzi yake, wewe unampigia vigelegele?"

"Shikamoo mama. Nisamehe, imejiwasha yenyewe. Nimeshachomoa."

"Yenyewe! Ina mikono?"

Watu wakacheka. Zawadi alisimama pale, mikono ina povu, akiwaamkia mmoja mmoja na hakuna aliyeitikia.

Jana tukaitwa kwa mjumbe wa mtaa wetu, Mzee Mchopa. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Kibarazani pake viti vilitosha, hata mie nilipewa kiti. Zawadi hakupewa. Alisimama katikati kama aliyekamatwa na kuku wa watu. Akaulizwa, akaeleza kilekile: sabufa inajiwasha. Mmoja akasema labda ana majini aliyotoka nayo kwao. Mwingine akasema mabinti hawa mwenye nyumba akitoka tu wanageuza nyumba ukumbi. Bi Saumu alilia kidogo, akasema dada yake hali wala halali kwa dharau hii. Nilipojaribu kusema, nikaambiwa namtetea kwa sababu nikimkosa nitafua mwenyewe.

Hukumu ya Mzee Mchopa: kwa ajili ya ujirani mwema, binti arudi kwao. Asizidishe Jumapili.

Zawadi hakulia pale. Alilia nyumbani, chooni, amefungulia maji ili Pendo asisikie.

Sasa leo.

Leo sipo kazini. Tumeshakunywa chai, nakanda unga wa chapati, Zawadi anamsuka Pendo sebuleni. Sabufa ikalia, taa ya bluu ikawaka.

Tukakodoa macho sote watatu. Safari hii sauti ilikuwa chini, maana Alhamisi jioni, tulipochomeka tena kwa ajili ya friji, nilikwishaipunguza. Harusi ileile. Nikafuata laptop yangu chumbani, mikono ina unga, nikajaribu kuunganisha. Ikakataa. Ikaniambia sabufa inatumiwa na chombo kingine.

Chombo kingine! Kipi, na cha nani?

Nikakaa chini nikasikiliza. Mshereheshaji anasema, "Tumpokee bibi harusi." Vigelegele. Mtu anakohoa. Kimya. Halafu tena, "Tumpokee bibi harusi," vigelegele, kikohozi kilekile, kimya. Tena. Na tena. Hakuna mtu anayesikiliza muziki namna hiyo.

"Dada," Zawadi akasema taratibu, "hii harusi kuna mtu anaikata."

Tukaangaliana. Nani hapa mtaani anakata harusi? Na nani alikuja na laptop yake kwenye sherehe ya Pendo, akaiunganisha na sabufa yetu, akatupigia nyimbo mpaka watoto wakalala kwenye viti?

Nikamwambia Zawadi afungue dirisha, na akinisikia nikiita aongeze sauti. Nikatoka na unga wangu mikononi.

Kibarazani kwa Bi Rukia, Bi Saumu alikuwa anachambua mchele na jirani wawili. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikaomba kumwona Feisal. Akatoka na laptop yake mkononi, kijana wa watu, macho mekundu kwa kukesha kazini.

"Feisal, unafanya kazi na sauti?"

"Hapana dada. Spika za hii laptop zimekufa toka nianze tena kazi wiki hii baada ya msiba, hazitoi kitu. Nikasema afadhali, mama yupo eda. Nakata kwa kuangalia picha tu."

"Na Alhamisi mchana?"

Akafikiri. "Alhamisi niliiacha video icheze mpaka mwisho nione kama itakwama, nikaenda msikitini."

"Na Jumanne?"

"Vilevile."

Nikamwita Zawadi. Nikamwambia Feisal abonyeze.

Vigelegele vikatoka dirishani kwangu, vikavuka ukuta, vikaingia kibarazani pale juu ya mchele. Nikamwambia asimamishe. Kimya. Abonyeze. Vigelegele.

Laptop yake ilikuwa inaikumbuka sabufa yangu. Ikiikuta kwenye umeme inaishika, na sauti yote inahamia kwangu. Vigelegele vilivyomkera mfiwa vilikuwa vinatoka nyumbani kwa mfiwa.

Feisal alishika kichwa. "Astaghfirullah. Dada, ni mie."

Simlaumu Feisal, namwandika hapa kwa wema. Hakujua.

Lakini Bi Saumu alicheka.

Alicheka, jamani! Akapiga paja lake. "Kumbe ni mitambo! Vijana nyie na mitambo yenu mtatuua." Wale jirani nao wakacheka. Akaitwa Mzee Mchopa, akaja, akaonyeshwa. Akataka kubonyeza mwenyewe. Akabonyeza, akatabasamu kama mtoto, akabonyeza tena. Halafu akajinyoosha kiungwana akasema, "Basi, yaishe. Ni bahati mbaya tu."

Bahati mbaya.

Jana haikuwa bahati mbaya. Jana ilikuwa dharau, ilikuwa majini, ilikuwa malezi mabovu na basi la kwenda Nachingwea. Sauti ni ileile na sabufa ni ileile. Zawadi hakujua inatoka wapi, na Feisal hakujua inakwenda wapi. Mmoja ni mtoto wa nyumba kubwa, akaambiwa pole kwa kuharibikiwa laptop. Mwingine anafua nguo za watu, akasimamishwa wakati viti vipo.

Na hawaoni! Ndicho kinachonichoma. Wamekaa pale wanacheka kwa roho safi kabisa.

Nikamuuliza Mzee Mchopa, "Na Zawadi?"

"Si abaki tu, Mama Pendo. Tatizo liko wapi tena?"

"Aombwe radhi."

Bi Saumu akaacha kuchambua. "Nimwombe radhi dada wa kazi? Mie?"

Kabla sijajibu, na namshukuru Mungu sikujibu, Zawadi akatokea kwenye kona ya ukuta. Alikuwa amesikia kutoka dirishani. Sijawahi kumsikia akizungumza mbele ya wakubwa zaidi ya kuamkia na kuaga.

"Shikamoo mzee. Shikamooni mama zangu. Jana nilisimama mbele ya watu nikaitwa mwongo. Wengine wa jana leo hawapo hapa. Naomba nirudishwe palepale, mbele yao walewale, niambiwe kwamba sikusema uongo. Nikishaambiwa, kama ni kuondoka nitaondoka mwenyewe kwa kupenda."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Mzee Mchopa akakohoa, akatazama viatu vyake, akasema ataliangalia, akaondoka. Bi Saumu akarudia mchele wake.

Mchana yakaja mengine. Bi Saumu katuma bakuli la mkate wa kumimina, limefunikwa kwa kitambaa cheupe. "La Mama Pendo," akasema aliyeleta. Na aliyelipokea mlangoni ni Zawadi, kwa mikono yake miwili. Nilitaka kulirudisha. Sikurudisha, maana kurudisha chakula cha nyumba ya msiba nayo ni dhambi ya aina yake. Limekaa mezani. Anayelila ni Pendo peke yake.

Baada ya alasiri Feisal akapiga hodi. Hakuniita mie. Alimwita Zawadi kwa jina, akamwomba radhi pale mlangoni, kisha akasema ametumwa na mama yake. Bi Rukia alikuwa amesikia yote leo asubuhi kutoka chumbani kwake, akauliza kulikoni, na ndipo akaambiwa kwa mara ya kwanza habari ya kikao cha jana.

"Mama anasema yeye hakumtuma mtu kulalamika," Feisal akasema. "Alhamisi aliposikia vigelegele alidhani kuna mtoto wa jirani anaolewa. Akawaombea dua maharusi."



Mwanamke amefiwa na mumewe, amesikia harusi ukutani, akaiombea heri. Na watu wakatumia machozi yake kumfukuza mtoto wa mwenzie bila hata kumuuliza! Sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Bi Rukia hatoki, lakini neno lake limetoka. Amempelekea Mzee Mchopa ujumbe kwamba jambo lililofanywa kwa jina lake lifutwe palepale lilipofanyiwa, na kwamba Feisal atasimama aeleze mwenyewe mbele ya wote. Mzee Mchopa amekubali. Naambiwa alikubali haraka sana. Kikao kesho, baada ya watu kutoka kanisani.

Bi Saumu ameshatangaza kwamba kichwa kinamuuma na hadhani atafika.

Nimemuuliza Zawadi kama bado anataka kuondoka. Amesema hajui, ataamua Jumatatu. Sikumbembeleza. Ni haki yake kuamua akiwa ametulia, na mie nimejiapiza kwamba uamuzi wowote nitaupokea bila kununa.

Nimeingia kwenye laptop ya Feisal, kwa ruhusa yake, nikaifuta sabufa yangu kwenye kumbukumbu zake. Spika zake zimefufuka palepale. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu.

Sasa hivi Zawadi anapiga pasi. Si nguo zangu wala za Pendo. Ni gauni lake la kitenge, lile la kanisani lenye mikono mipana. Amesema kesho hatakwenda kwa mjumbe na kanga ya kazini. Nimemwambia akimaliza aniachie pasi ya moto, nami ninyooshe langu.

Kesho tukifika, kabla hajasema mtu neno lolote, nitaomba kiti kimoja zaidi.