Meza Inayotazama Mlango

Dada yangu mpendwa,

Natumaini huko hamjambo. Mimi nimepata ofisi, humu humu nyumbani. Chumba cha stoo nimekipaka rangi ya maziwa, na fundi seremala amenitengenezea meza yenye droo tatu na tundu la kupitishia nyaya. Alitaka niielekeze dirishani nipate mwanga. Nikakataa. Nilitaka itazame mlango, na mlango uwe na komeo la ndani.

Akacheka: "Hii ofisi au benki, dada?"

Nami nikacheka. Ningemwambia nini? Kwamba nimehama mji kumkimbia yule shemeji yako, na mkono alionivunja bado unauma nikichapa?

Fundi kajivunia kazi yake, akarusha picha ya meza mtandaoni bila kuniuliza. Leo kanipigia kwa furaha: "Dada, kuna mteja kaipenda meza, namleta aione! Anasema hata kikombe kilicho juu yake anakijua."

Polisi wanasema wako njiani. Komeo nimelifunga. Nje fundi anapiga hodi, anacheka na mtu, na kicheko hicho cha pili nakifahamu.

Barua pepe hii naituma hivi hivi.

Mdogo wako