Mwaka Ohio Ilipokuwa Kijani

Alhamisi, 10 Septemba 2015

Mto Ohio umekuwa kijani. Si majani ya kando — maji yenyewe, kama mtu amemwaga rangi. Nimepita hapo baada ya kazi kujionea. Harufu ya nyasi zilizooza. Serikali imetangaza: msiogelee, msimeze, mbwa wasinywe. Binti yangu Elisabeth amenisomea tangazo lote kwenye simu yake, akanitafsiria. Watoto, wajawazito, wenye ugonjwa wa ini — hao hasa. Ni mwani, na sumu yake inashika ini.

Reginaldi alikuwa anakula. Hakuinua kichwa.

Ubatizo ni tarehe 20, humo humo mtoni. Watu kumi na saba. Mume wangu Reginaldi ni wa kumi na moja.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimempigia Mchungaji Polycarpe. Daftari la ubatizo nalishika mimi, nina haki ya kuuliza. Nikasema kanisa la Wazungu lina kisima cha kubatizia ndani, maji ya uvuguvugu, tuazime. Akacheka. "Mama Elisabeth! Bon, Yordani ilikuwa maji safi? Naamani aliikataa, akasema mito ya kwao ndiyo muzuri. Na alipona wapi?" Nikamwambia Naamani hakusomewa tangazo. Akacheka tena.

Tangu 2009 tumebatiza pale watu mia moja na kumi na wawili. Ndiyo Yordani yetu. Watu wanachota galoni, wanapeleka nyumbani, wanawapaka watoto wenye homa. Na hao nani atawazuia?

Jumatano, 16 Septemba

Miaka mitatu na miezi miwili Reginaldi alikaa Columbus, kule Linden, na mwanamke mwingine. Mwezi Machi akarudi na mabegi mawili na homa ya ini. Nikamfungulia. Nyumba hii nimeinunua mwenyewe, kwa zamu za kiwandani Jeffersontown. Nafasi ipo. Sikulia, sikufurahi. Nikampa droo ya chini.

Daktari alituonyesha picha: ini limekakamaa, linalofanya kazi ni theluthi moja tu. Reginaldi akaniapisha nisimwambie mtu kanisani. "Wakijua, nani atakula na mimi sahani moja?"

Leo nimemwambia: subiri maji yasafike. Akasema Naamani alizama mara saba akatoka na ngozi ya mtoto. Nikasema Naamani aliumwa ngozi. Ini liko ndani! Akaenda kupiga pasi shati jeupe.

Jumamosi, 19 Septemba

Shemeji Sipriani amefika kutoka Buffalo, mwendo wa saa tisa barabarani, kuja kumsimamia kaka yake. Anakaa mtaa wa Riverside, mto Niagara uko pale pale. Anasema huko mvua kubwa ikinyesha wanangoja siku tatu kwanza, maana maji ya vyoo yanafurikia mtoni. "Shemeji, sisi tunabatizwa kwa kalenda ya choo!" Wakacheka mpaka Reginaldi akakohoa.

Sipriani hajui lolote kuhusu ini. Ndugu wa tumbo moja!

Jumapili, 20 Septemba

Kijani bado. Mchungaji naye ameogopa kidogo. Alisimama ukingoni akasema: "Donc, mwenye kuwa mugonjwa aseme tu, tutamubatiza siku ingine, ndani. Hakuna haya." Hakuna aliyeinua mkono. Reginaldi alitazama mbele.

Nilikuwa hatua sita kutoka kwa Mchungaji, daftari mkononi. Sentensi moja ingetosha. Wa nane. Wa tisa. Wa kumi. Nilitafuta hasira ndani yangu, nikatafuta woga. Hakukuwa na kitu. Nikaandika jina lake: namba 123.

Nilikuwa nimemwambia afunge mdomo. Alizamishwa sekunde nne. Akatoka anaimba — mdomo wazi, maji yanamtiririkia humo humo.

Jumanne, 22 Septemba

Kazini nimekataa vipande thelathini na kimoja kwamba ni vibovu. Msimamizi amevipima upya: ishirini na vinane vilikuwa sawa. Miaka sita ya ukaguzi, haijawahi kunitokea.

Reginaldi hajala tangu jana mchana. Anasema ni furaha, imemshibisha. Miadi yake ya kupima damu ni wiki ijayo. Nimepiga simu wairudishe nyuma, iwe kesho. Wamenisubirisha, dakika ya ishirini na mbili sasa, muziki tu. Simu iko mezani, naandika huku nasikiliza.

Nimemwita dirishani. Nimemshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga, nikaangalia weupe wa macho. Njano? Au ni pazia? Nimelifungua pazia lote. Bado sijui.

Akatabasamu. "Mama Elisabeth! Siku hizi unanitazama."

Akatulia pale pale, akafumbua macho vizuri, kama mtu anayepigwa picha.