Kola za mti wa Baba

Ify, shoga yangu, zimeliwa. Kola za Baba zimeliwa!!

Zile kokwa nilizootesha kwenye kapu la mchanga, za mwisho za ule mti wake ulioanguka wiki tuliyomzika. Zilikuwa zimeshachipua! Leo nikaenda kuchota udongo nizihamishie kwenye vyungu.

Kurudi, namkuta baba mkubwa Okwudili kaja ghafla, na ndani hakuna kola ya kumkaribishia. Mama kaenda kapuni. Kakata machipukizi, kaziosha, kazipanga kwenye sahani. Kaziosha, Ify!

Namuuliza, "Mama, zile?"

Ananinong'oneza, "Ulitaka nifanyeje? Mgeni akae kwa baba yako bila kola? Angefufuka anigombeze."

Na ni kweli, angemgombeza. Ndicho kinachoniuma.

Baba mkubwa kainua sahani, kaomba: "Aletaye kola ameleta uhai." Uhai!! Wote, "Amina." Na mimi nikasema amina.

Kisha akanimegea kipande. Ningekataaje mbele ya wakubwa?

Nimetafuna, Ify. Vyungu viko uani, nimeshavijaza udongo, na mti wa Baba nimeumeza mimi.