Mlango wa Dorosela Unaotazama Uani

Lyamkena,
Makambako.
22 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Konsolata,

Kamwene! Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Lupingu? Mgongo wa shemeji Odilo vipi, ameacha kulalamika? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma mpaka kwenye meno. Nyie wa joto la ziwani mshukuruni Mungu.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba kwa kuwa homa ya kifua imeingia mpaka kwenye nyumba salama, basi Dorosela wetu arudi kwa mumewe, heri kipigo kuliko kaburi. Konsolata! Ngoja nikueleze, halafu uamue kama mama yake.

Nyumba yenyewe siandiki iko mtaa gani, barua hupita mikono mingi. Ilikuwa ukumbi mmoja, kina mama wote waliokimbia waume zao humo humo, vidirisha juu karibu na dari ili waume wasichungulie. Kwa baridi hii hata hivyo vidogo waliviziba kwa matambara. Akikohoa mmoja, kukicha wanakohoa wote. Bwana afya akasema wagonjwa watengwe, la sivyo anafunga. Mama Safina, mlezi wa pale, akamjibu, "Ufunge uwalaze wapi, bwana? Kwako? Mkeo umemwuliza?"

Wakamwita nani awachoree ramani? Oliva wangu! Yule yule mliyekuwa mnamcheka ana kichwa kikubwa. Sasa mmejua kilibeba nini. Wanaume wenye ndevu wanamwita "Injinia". Mimi hupita pale na maziwa hata wasiponiagiza, nimsikie tu anavyoitwa.

Akajenga chumba cha wagonjwa huko nyuma, kimejificha, mlango na dirisha vinatazama uzio. Hewa tele. Wa kwanza kupelekwa humo akawa Dorosela. Kufika mlangoni, akagoma. "Mama mkubwa, Shedrack alikuwa ananifungia chumba cha nyuma hivi hivi. Bora nikafie kwake, angalau vyombo ni vyangu." Akabeba kifurushi chake, huyo anakwenda getini.

Nilimkimbilia huku nampigia Oliva kelele: "Mwanangu, nilikusimulia nini kuhusu kwa bibi Zipora?"

Wewe unapakumbuka, Konsolata? Vyumba vimezunguka ua, kila mlango unatazama uani, nje ukuta mtupu. Ulipougua surua ulilazwa kile cha jua la asubuhi. Tulikatazwa kukusogelea, lakini ulituona tukipukuchua mahindi, ukatutukana kwamba tunapukuchua kivivu. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Ule moshi wa kuni za miwati! Leo pale ni shamba la parachichi la watu, ila mimi nikifumba macho naingia bila hodi.

Oliva hakubisha, na Dorosela akakubali kusubiri. Siku hiyo hiyo mafundi wakatoboa ukuta wa upande wa uani, wakaziba ule mlango wa nyuma, wakaweka mpya wa vipande viwili: cha chini kinafungwa, cha juu kinabaki wazi. Komeo liko ndani, analo Dorosela mwenyewe. Wenzake wanachambua mboga katikati ya ua, mbali naye, na yeye anawaamuru akiwa kitandani: "Dada Esha, jani bovu hilo! Unataka kutuua kabla ya homa?" Damu yako hiyo.

Ukumbi nao sasa wanaugawa vyumba, madirisha makubwa ya uani, barabarani ukuta mtupu. Bwana afya ameacha kutishia kufunga. Wanasema wazo ni la Oliva. Sawa. Na Oliva ni wa nani?

Homa ya Dorosela imeshuka, dawa anameza, ugali anaumaliza. Linalomkosesha usingizi ni neno lako. Ameniambia, "Mama akisema nirudi, nitarudi. Sijawahi kumkatalia." Na kweli hajawahi, ndiyo maana alikaa kwa Shedrack muda wote ule.

Basi nakuomba, mdogo wangu, usimwambie arudi. Mwandikie abaki, hata mstari mmoja, kwa mkono wako aujue. Nitausoma nimesimama uani, kwa sauti, kina mama wote wasikie.

Nisalimie shemeji Odilo, na Telesia mwambie dagaa wake walifika, tumewala. Mama Bikira awafunike kwa vazi lake.

Ni mimi dadako, nisiyechoka kukupenda,
Esteria, Mama Oliva (Mama Injinia)